Hodi ya Mzambarau

Msiuangalie mji huu wa Mtambaani leo mkadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote. Zamani hizo, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, mti ulikuwa mali ya mwenye ua. Ukiota kwako ni wako, na siku ukiuchoka ulichukua shoka ukaumaliza bila kumuuliza mtu. Jirani alitoka asubuhi akauacha mti wa mkungu umesimama ng'ambo ya ukuta, akarudi jioni akakuta mbingu tupu, akasema, "Loo, kweupe!" kisha akaingia ndani kula.

Mambo yalizidi ulipoingia mtindo wa nyua nyeupe. Sijui nani aliuleta, ila watu wetu nawajua kwa kuiga. Kila mama alitaka ua uliofagiwa ukang'aa kama sinia, usio na jani hata moja, na mwenye mti uani akawa anasemwa visimani kuwa ni mvivu. Mikungu ikaenda, mikwaju ikaenda, misufi ikaenda. Sasa mji wetu, kama mnavyoona, umekaa kwenye mteremko. Haukupita muda nyumba zikaanza kuinama. Milango ikagoma kufunga, kuta zikapata nyufa. Watu wakawalaumu mafundi, mafundi wakaulaumu udongo, na udongo, masikini, hauna mdomo wa kujitetea.

Mwishowe ulibaki mti mmoja tu mkubwa, huko juu mlimani, mzambarau wa Bi Kazija.

Bi Kazija alikuwa dobi. Mjane, mwembamba, ulimi wembe, na mikono iliyoweza kutoa doa lolote isipokuwa doa la zambarau. Nguo za mji mzima alizifua uani kwake na kuzianika hapo hapo, maana hakuwa na pahala pengine, na kufua ndiko kulikomlisha yeye na wanawe. Kila msimu matunda yalidondokea nguo za watu, na popo nao hawakukosa kuongeza yao. Bi Kazija aliutukana mti ule mpaka akaishiwa matusi. Hata hivyo hakuukata, kwa sababu marehemu mumewe aliupenda, na enzi za uhai wake alizoea kujinyoosha kivulini kila alasiri.

Ikafika sikukuu. Bi Kazija alifua kanzu za wanaume wote wa mji, akazianika, ua mzima ukawa mweupe pe, akaingia ndani kuwasha pasi. Upepo ukavuma mara moja tu. Alipotoka, hapakuwa na kanzu iliyosalimika. Ile ya Jumbe Mwinyikai, mkubwa wa mji, ungedhani imechinjiwa kuku. Bi Kazija akakaa chini akalia. Alijua kuwa baada ya siku ile hakuna atakayempelekea hata leso, na watoto wake walikuwa wamesimama mlangoni wanamtazama. Alipomaliza kulia alimwita Fundi Mbwelo, mkata miti.

"Uangushe," alimwambia. "Leo leo. Sitaki kibaki hata kisiki."

Mbwelo ndiye aliyeiangusha miti mingi ya mji ule, na mkono wake ulikuwa na mazoea yake. Alipiga mara tatu, akapumzika, ndipo akapiga tena. Akatema mate viganjani, akainua shoka. Ngo, ngo, ngo.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana mimi mwenyewe nikifika hapa mwili hunisisimka. Nyumba ya pili, Bi Mize alikuwa akikuna nazi. Akasikia mtu anabisha hodi. Haikuwa mlangoni. Ilitoka chini, ndani ya sakafu, chini ya mbuzi ya kukunia aliyoikalia. Kwa mazoea akaitika, "Karibu!" Akaenda kufungua, hakuna mtu. Alipotupa macho njiani alimwona jirani wa mbele naye kafungua mlango, kaduwaa, na wa mbele yake, na wa upande wa pili, mtaa baada ya mtaa mpaka bondeni. Kila mtu alikuwa amesimama mlangoni pake, amemkaribisha mgeni asiyemwona.

Alikuwepo pia Mzee Chande, kiziwi, ambaye hakuwa amesikia hodi tangu ujana wake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu peku sakafuni. Hodi ile ikampanda kwa nyayo, ikapita magotini, ikamfika kifuani. Akatoka nje machozi yanamtiririka, akipaza sauti yake isiyojua kipimo: "Karibu! Karibu! Nani huyo aliyenikumbuka?"

Mbwelo, asiyejua lolote, akapiga tena mara tatu. Safari hii mji mzima uliitika kwa pamoja, "Karibu!" Sauti ile ilipanda mteremko ikamkuta kainua mikono. Shoka likamponyoka.

Watu waliifuata hodi mpaka uani kwa Bi Kazija, wakaliona jeraha bichi ubavuni mwa mzambarau. Jumbe akaamuru mzizi mmoja ufukuliwe, ujulikane unaishia wapi. Wakafukua. Mzizi ulikuwa mnene kama paja. Ulipita chini ya ukuta ukaingia kwa Bi Mize, ukapita chini ya jiko lake, ukayakumbatia mawe ya kisima, ukatoka, ukaingia nyumba ya tatu. Kila ulipokutana na kisiki cha mti uliokatwa, mizizi ya kisiki ilikuwa imeoza na udongo umelegea, na mzizi wa mzambarau ulikuwa umeingia papo hapo, umeushika udongo peke yake. Waliendelea kufukua, na mzizi uliendelea kwenda.

Basi wakaweka majembe chini. Walikuwa wamelala juu ya kitu kile tangu kuzaliwa kwao, wakaoana juu yake, wakanyonyesha watoto juu yake, wala hawakukijua. Walitazama matawi juu, wakatazama shimo chini, wakatambua kwamba sehemu ya mti waliyozoea kuiona ndiyo ndogo. Wengine walivua viatu bila kuambiwa. Mbwelo alitia kiganja chake kwenye jeraha na hakuweza kukiondoa.

"Mti huu usiguswe," Jumbe akasema, kwa sauti ya chini kama mtu aliye msikitini.

"Nimesikia, Jumbe," akajibu Bi Kazija, mikono kiunoni. "Na mimi je? Nyumba zenu mti unazishika, nguo zenu unazichafua, na wa kulala njaa niwe mimi peke yangu?"

Bi Kazija akaingia ndani, akatoka na fagio la chelewa, akamkabidhi Jumbe mbele ya watu wake.

"Mti umebisha hodi, nyinyi nyote mmesema karibu. Sasa huyu ni mgeni wenu. Mfagilieni."

Jumbe Mwinyikai alilitazama lile fagio, akautazama mzizi, akainama akaanza kufagia. Wengine wakafuata. Mbwelo akapanda juu na kuondoa tawi moja tu, lile lililoning'inia juu ya kamba za nguo, akalikata pale ambapo gome lingeweza kujifunga. Wanawake wakatandika mikeka kukinga zambarau kabla hazijadondoka. Wanaume wakazitoa zile kanzu zilizoharibika, wakalifunga jeraha la mti, kutoka chini mpaka usawa wa kifua, wakaenda kuswali sikukuu wamevaa misuli yao ya kila siku. Nguo zilipooza kwa mvua, walipaka chokaa mahali pale pale, mchwa wasije wakaingia.

Na tangu siku hiyo, Mtambaani, mtu akitaka kuukata mti wa uani kwake hutangulia kupita nyumba hadi nyumba akibisha hodi, kokote mizizi inakodhaniwa kufika. Wote wakiridhia, hukata. Akitokea hata mmoja wa kukataa, mti hupakwa chokaa, na aliyekataa hukabidhiwa fagio hapo hapo. Nasikia kuna miji yenye faini na askari wa miti. Sisi tuna fagio, na sijaona mtu anayekataa kwa mchezo. Ukiuona mti wenye chokaa, ujue yupo aliyeusemea, na mgongo unamuuma.

Na upepo mkali ukivuma, mkasikia kitu kinagonga chini ya sakafu, msikimbilie mlangoni. Fanyeni kama tunavyofanya sisi watu wazima. Tunaitika, "Karibu," tunatulia kidogo, halafu tunaendelea kula.