Rambirambi za Bwana Ngiri

Nianze nisianze?
— Anza!
Nikianza mtanikatiza?
— Hatukukatizi!
Nikisema uongo?
— Utie chumvi!

Haya. Aliyekaa mlangoni asogee, moshi upite. Ngano hii si tamu, nawaambia mapema, na anayetaka tamu akanunue miwa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakifanya kibarua, paliondokea mnyama mmoja mdogo anaitwa Sange. Mnamjua sange? Mdogo kuliko ngumi yangu, pua ndefu kama mrija, na pua yenyewe haitulii: nyu, nyu, nyu, kutwa nzima. Mumewe alichukuliwa na kipanga. Akaachiwa watoto na shimo, basi.

Mwaka wa ukame Sange alikopa kapu la karanga kwa Bwana Ngiri, ili wanawe wasife. Wanawe hawakufa. Lakini deni la Ngiri ni deni la ngiri: umekula kapu, unalipa kapu, kisha unalipa maganda, kisha unalipa kivuli cha ghala uliposimama siku ya kukopa. Sange alilipa. Alilipa masika, alilipa kiangazi, alilipa mpaka watoto wakaota meno ya kugugunia, na siku moja akalimaliza.

Siku ile hakufanya sherehe. Alirudi nyumbani, akaketi, akalia kidogo, kisha akajiwekea sheria. Akipata karanga mbili, moja mdomoni, moja shimoni. Akipata nne, mbili mdomoni, mbili shimoni. Watoto wakitaka zaidi anawaambia watafune polepole, kwa sababu karanga ikitafunwa polepole inakuwa mbili. Si kweli, lakini watoto walitafuna. Moja mdomoni, moja shimoni. Majirani wakamcheka, wakamwita bahili. Sange akaendelea kuweka. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kazi ilikuwa ileile, kumenya karanga kwenye uwanja wa Ngiri. Paka, paka, paka, jua linachomoza mpaka linazama. Kumenya si shida. Shida ilikuwa lango.

Kila alfajiri vibarua walisimama langoni: Kanga, Pimbi, Kuchakulo, Kobe, na Sange miguuni mwao. Ngiri anatoka, amevimba, meno yake yamepinda nje. Anawanyooshea jino. "Wewe. Wewe. Wewe hapana." Hasemi kwa nini. Aliyemenya sana jana, hapana. Aliyelala kazini jana, wewe. Ukiuliza, hapana ya kesho unapewa leo. Basi hakuna aliyeuliza. Kanga alinyonyoka manyoya ya shingo kwa wasiwasi, na mpaka leo shingo yake iko wazi, mkaitazame. Sange aliliogopa lango kila alfajiri, hata siku alizochaguliwa, kwa sababu siku ya kuchaguliwa nayo ina kesho yake. Watoto walijifunza kusikiliza nyayo zake njiani. Wakizisikia asubuhi, walijua leo hakuna.

Sasa Ngiri alikuwa na macho. Akaona Sange anatetemeka, lakini si kama zamani. Akamwuliza nyapara wake, Ngedere, kuna nini. Ngedere, ambaye kazi yake ilikuwa kujua ya watu, akamwambia Sange hana deni tena, na ana shimo, na shimo lina karanga. Wala si yeye peke yake, wenzake wameanza kumwiga. Pimbi ana ufa kwenye mwamba wake, na ufa nao una karanga.

Habari hiyo ilimkosesha Ngiri raha. Kibarua mwenye akiba, iko siku atabaki kwake asubuhi. Akawaza, akakoroma, akawaza tena. Kisha akamwambia Ngedere, "Nitakufa."

Ngedere alielewa haraka. Desturi ya pale ilikuwa hivi: tajiri akifa, kila kibarua anatoa rambirambi, na rambirambi ikishatoka mkononi hairudi. Ngedere angekaa langoni kuangalia nani ametoa nini. Aliyetoa kidogo, hapana yake ni ya kudumu. Asiye na kitu angekopeshwa kutoka ghala la marehemu ili amchangie marehemu, halafu alipe kwa kumenya. Jioni Ngiri angepiga chafya, aseme alizimia tu, Mungu ni mkubwa, na karanga zote ziko ndani. Mkewe naye aliambiwa, ili alie vizuri.

Asubuhi ngoma ya msiba ikalia, ndu, ndu, ndu. Bwana Ngiri hatunaye.

Sange aliposikia alirudi shimoni, akaziangalia karanga zake. Zilikuwa za kuvukia kiangazi. Akizitoa, watoto hawafiki masika. Asipozitoa, hana kazi, na watoto hawafiki masika vilevile. Alikaa pale, pua inacheza, nyu, nyu, nyu, na ikampanda hasira ambayo hakuwahi kuipata hata siku za deni. Kisha akajaza kapu, karanga zote, akajitwisha, akaenda.

Maiti ililazwa uwanjani juu ya mkeka, imefunikwa majani ya mgomba mpaka shingoni. Mama Ngiri analia, na analia vizuri. Ngedere yuko langoni. Kanga akamwaga kapu lake kwenye lundo, mwaaa. Pimbi akamwaga, mwaaa. Kuchakulo, aliyekopa asubuhi ileile, akamwaga, mwaaa. Wote hao walikuwa warefu, wakatazama lundo. Sange alikuwa chini, usawa wa mkeka, akatazama maiti. Kila kapu lilipomwagwa, sikio la maiti lilicheza. Mwaaa, tik. Mwaaa, tik.

Hakupiga kelele. Nani angemwamini? Na hata wangemwamini, Ngiri angeinuka, angecheka, na kesho yake kuna lango. Akaliweka kapu lake chini, hakulimwaga.

Hapa nisikilizeni, maana ngano imekaa hapa. Ukoo wa Sange na ukoo wa Ngiri ni watani. Mababu zao walipigania shimo moja, wakachoka, wakapatana, wakawekeana utani. Siku za kazi Sange hakuthubutu kumtania tajiri wake. Nani angethubutu, na lango lile? Lakini msibani mtani ni mtani. Mtani ndiye anayesimamia kaburi. Mtani akimtukana marehemu, watu wanacheka. Mtani akichukua kitu cha msiba, haulizwi. Ngiri alipanga yote vizuri, akasahau kwamba kile kidudu kinachotetemeka langoni ni mtani wake.

Sange akapanda juu ya tumbo la maiti, akakaa. Watu wakashtuka.

"Mtani wangu huyu mvivu," akasema. "Amekufa ili asitulipe ujira wa jana."

Watu wakacheka, kwanza kwa hofu, kisha kwa raha. Ngedere akaja mbio, akamwambia ashuke, mazishi ni kesho, leo ni kuchanga tu. Sange akamwuliza kwa upole kama yeye naye ni mtani wa marehemu. Hakuwa. Basi arudi langoni kwake. Watu wote wakasema ndivyo, akiwepo mtani wengine husikiliza. Sange akaamuru kaburi lichimbwe. Chaku, chaku, chaku, likachimbwa, jembamba, refu kwenda chini, kama mtani alivyotaka.

Na Ngiri? Ngiri alisikia yote. Angeweza kuinuka. Lakini Kobe alikuwa bado njiani na kapu lake, anakuja mdogo mdogo, na Ngiri alilitaka kapu la Kobe. Tena akawaza: mimi ni ngiri, shimoni ndiko ninakolala, udongo ni shuka yangu. Wakinizika nitachimba, nitatoka, nitakuwa nimefufuka kweli, na watanichangia tena kwa furaha. Akatulia.

Kobe akafika. Mwaaa. Tik.

Sasa niambieni, ngiri huingiaje shimoni? Kinyumenyume. Hutanguliza mkia, ili meno yabaki mlangoni. Ngiri aliyeingia hivyo akitaka kutoka anatoka, nani atamzuia? Sange akasimama juu ya kifua cha maiti.

"Mtani wangu alipokuwa hai aliingia kwake kwa mkia," akatangaza. "Aliye hai na aliyekufa hawapiti njia moja. Leo ataingia kwa kichwa."

Sikio la maiti likacheza, na safari hii hakukuwa na kapu.

Sange akashuka, akainama kwenye sikio lile. Hakuwa na roho mbaya, au tuseme alikuwa nayo, lakini alitaka kwanza kumpa nafasi. Akamnong'oneza, "Mtani, kama u hai, sema sasa. Kila mtu achukue kapu lake, arudi kwake. Hatutakucheka."

Ngiri akafungua jicho kidogo, akaliona lundo. Maishani mwake hakuwahi kuona lundo kubwa vile. Akalifumba.

Kwa desturi neno la mwisho ni la mjane. Sange akamgeukia Mama Ngiri, akamwuliza, "Shemeji, tuzike?"

Mama Ngiri akaacha kulia. Akamtazama mumewe. Akaligusa ghala kwa macho, akamtazama tena mumewe. Ngedere naye alikuwa akiutazama ufunguo wa ghala uliofungwa kiunoni kwa Mama Ngiri.

"Zikeni," akasema Mama Ngiri.

Wakamteremsha kichwa kwanza. Akaingia, akabanwa. Udongo ukaanza kumwagwa, fu, fu, fu. Hapo ndipo Ngiri alipojua. Akaanza kuchimba, na meno yake yalichimba vizuri sana, lakini yalichimba kwenda chini. Sauti ikasikika kutoka ardhini, kru, kru, kru. Mikono ikasimama. Kila mtu akamtazama mwenzake.

Walisikia. Nataka mjue kwamba walisikia. Pimbi alisikia, Kobe alisikia, Mama Ngiri alisikia. Kuchakulo akasema labda ni tumbo la mtu, hawajala tangu asubuhi. Kanga, yule mwoga mwenye shingo tupu, ndiye aliyeanza tena kutupa udongo. Wenzake wakafuata, fu, fu, fu, wakaimba wimbo wa kuaga kwa sauti kubwa, mpaka ile kru kru ikapotea.

Udongo uliposhindiliwa, Sange akalidai lundo, kama mtani. Hakuna aliyemwuliza. Akamrudishia kila mtu kapu lake, na lile alilokopa Kuchakulo likarudi ghalani. Watu wakambeba Sange juu juu, wakamzungusha uwanjani.

Ningekuwa msimulizi mwema ningeishia hapo.

Asubuhi iliyofuata vibarua wote walikuwa langoni. Hakuna aliyewaita, miguu ilijipeleka. Sange naye alikwenda. Mama Ngiri akatoka na ufunguo wake, Ngedere nyuma yake. Mama naye alikuwa na meno, madogo kidogo. Akamnyooshea Kanga jino: wewe. Akamnyooshea Pimbi: wewe. Kuchakulo, wewe. Kobe, hata Kobe, wewe. Alipofika kwa Sange akainama mpaka pua zao zikakaribiana.

"Wewe nakuogopa," akasema. "Na mimi simpi kazi mtu ninayemwogopa."

Sange hakuomba. Aliwageukia wenzake, wale aliowarudishia makapu. Kanga alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. Pimbi alikuwa ameshaketi, anamenya, paka, paka, paka. Hakuna aliyeinua uso. Sange hakuwakasirikia, maana siku nyingine angefanya kama wao, lakini iliuma. Iliuma kuliko deni.

Watoto walizisikia nyayo zake njiani, asubuhi, wakajua. Akaketi nao mbele ya shimo, akazigawa karanga upya. Sheria ya zamani ilikuwa ya mtu mwenye kibarua. Sasa karanga moja ikakatwa vipande, kila mtoto na kipande chake, na mama akalamba ganda. Hakwenda kukopa. Mama Ngiri alimtuma Ngedere aje kumwambia ghala liko wazi kwa anayehitaji, tena kwa masharti ya ujirani mwema. Sange akamjibu Ngedere kwamba amshukuru sana shemeji yake.

Walifika masika? Walifika. Wote? Hilo msiniulize.

Funzo lake ni jepesi, nanyi mlishike. Tajiri ni mzazi. Msimnunie, msimchoshe kwa maswali, msiweke akiba ikamkosesha usingizi. Na siku yake ikifika fanyeni kama vibarua wema wa ngano hii, mchangieni kwa moyo, mkamsindikize mpaka chini kabisa.

Nimeitua ngano yangu.
— Itue!
Atakayeipenda aibebe.
— Tumebeba!
Asiyeipenda aiache palepale.
— Ibaki!

Haya, tawanyikeni. Kesho kuna kazi.