Jina la Aliyewaza

Wapendwa, kaeni sawa, maana mfano huu nimeupika mwenyewe, na anayejua mapishi yangu anajua hapa hatoki mtu na njaa. Shule niliishia la saba, lakini la saba la enzi zetu lilikuwa linatoa moshi.

Alikuwepo fundi baiskeli mmoja, siku zile umeme bado mgeni, unasikika uko mjini tu. Akachukua dainamo ya baiskeli, akaifunga kwenye gurudumu, gurudumu akalizungushia vijiko vikubwa vya kugawia mchuzi, akalitega kwenye maporomoko ya mto. Maji yakapiga vijiko, gurudumu likazunguka, taa ikawaka nyumbani kwake. Iliwaka, ndugu zangu! Kuku waligoma kulala siku tatu. Mbu walianza kuulizia bei ya miwani. Mzee Mwakalinga hapo mbele, usinicheke, hukuwepo.

Basi fundi akajisifu. Akajisifu sokoni, akajisifu mpaka msibani, watu wakaanza kumnunia. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, na alikitaka kuliko chakula: hataza, ile karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimevumbuliwa na fulani. Alitaka jina lake lipigwe muhuri, wajukuu waje walisome.

Akaenda mjini na mkewe. Mke alibeba gurudumu kichwani, kwa sababu fundi alikuwa amevaa suti.

Ofisini wakaambiwa hataza hapewi mtu wa siri. Lazima ueleze kila kipande, kinafanya nini na kwa nini, ili fundi mwingine akisoma aweze kutengeneza. Fundi akaeleza dainamo, akaeleza waya, karani anaandika. Wakafika kwenye vijiko.

"Mzee, hivi mbona vyote vimepindwa?"

Fundi akakohoa. Akasema hayo ni mambo ya kitaalamu. Karani akamwambia hapa ndipo yanaposemewa. Fundi akakohoa tena.

Ndipo mkewe, kule kwenye benchi, akasema taratibu, "Vilipokuwa vimenyooka gurudumu halikuzunguka hata siku moja. Mimi naosha vyombo mtoni, nimeona kijiko kikilala ubavu maji yanakisukuma zaidi. Nikavipinda vilale hivyo. Baba Atu huyu alikuwa ameshakata tamaa, amelala."

Karani akaweka kalamu chini. "Mzee, mstari huu ni wa jina la aliyewaza. Si la aliyepiga nyundo, wala la aliyepiga kelele."

Mnaona alipobanwa? Akisema ni yeye, uongo unapigwa muhuri. Akisema si yeye, sokoni atarudi na uso gani? Wewe ungeandika nani? Usimwangalie jirani, nimekuuliza wewe.

Fundi alitoka jasho la kuzungusha ile mashine mwezi mzima. Kisha akasema, "Andika Subilaga. Mke wangu huyo hapo."

Mnadhani alirudi kijijini kimya? Alijisifu mara kumi. Aliishika ile karatasi juu, akawaambia watu, "Mwenye jina hili, mimi ndiye niliyemuoa." Na safari hii hakuna aliyemnunia.

Sasa sisi. Shamba limekubali, tunasema ni jembe langu. Mtoto kafaulu, ni damu yangu. Mgonjwa kapona, ni mizizi yangu niliyochimba. Ukiulizwa mvua ilikujaje siku ile ile, kichwa cha mtoto kilifunguka vipi, pumzi ya mgonjwa ilirudi kutoka wapi, unakohoa. Unakohoa, halafu kwenye mstari unaandika jina lako!

Tumemwibia Mungu hataza yake, wapendwa, tena mchana kweupe.

Lakini sijawaambia msijivune. Mimi mwenyewe najivuna mpaka kola inabana. Jivuneni, soko zima lisikie, ila mtajeni yeye. Maana ukijisifia wewe, hata kidogo tu tayari umezidisha. Ukimsifu Mungu, tia chumvi gunia zima, bado hujasema uongo.