Kitasa Kilichoko Nje ya Gari

Kaeni, wapendwa, songeeni huku mbele. Mvua inapiga bati kweli kweli, lakini na mimi nina koo. Nitapaza sauti, na mama zangu wa kule nyuma wasiponisikia, wainue mkono.

Kulikuwa na bwana mmoja, mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika. Alikuwa na gari la fowili, yaani lile ambalo magurudumu yote manne yanaweza kuvuta. Lilikuwa gari la zamani lakini zima. Sasa, wenye magari ya siku hizi hamjui taabu hii, nisikilizeni. Katika yale ya zamani, kuvuta gia ya fowili peke yake hakutoshi. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kitasa kidogo, na hicho hukifungi ukiwa umekaa kwenye kiti. Unashuka, unachuchumaa, unakizungusha kwa mkono wako. Usipokifunga, unaweza kuvuta gia mpaka bega lichoke. Ndani taa itawaka, itakuambia fowili ipo. Lakini magurudumu ya mbele yatakuwa yanasindikizwa tu.

Bwana huyu alikuwa na mdogo wake aliyebaki mlimani, kwenye mashamba ya chai na migomba ya baba yao. Walikosana siku ya kumzika mama yao, kwa jambo la mpaka wa shamba. Na yule mkubwa, mbele ya waombolezaji, kaburi halijajazwa udongo, alimnyooshea mwenzake kidole akasema, "Kuanzia leo wewe si ndugu yangu." Akapanda gari akaondoka. Miaka ikapita. Wakristo wote wawili, wanashiriki meza ya Bwana wote wawili, kila mmoja kanisani kwake. Mnashangaa? Msishangae sana. Tazameni kwanza mlivyokaa humu ndani.

Basi siku moja asubuhi, katikati ya masika, simu ikalia. Alikuwa mke wa yule mdogo. Akasema, "Shemeji, mwenzangu hali yake si nzuri. Anakutaja. Kama utakuja, njoo leo."

Yule bwana akaweka simu chini, akaingia chumbani kuvaa. Na alivaa nini? Suti. Suti ya rangi ya maziwa, ile ya sherehe. Mke wake alimtazama, akauliza, "Baba Tusekile, tunakwenda kwa mgonjwa, mlimani, na mvua hii. Suti ya nini?"

Akajibu, "Sitaki aone kwamba nimekuja kuomba. Aone mtu mzima amekuja."

Mnamwona? Anakwenda kupatana, lakini anakwenda amevaa ushindi.

Walipofika mwisho wa lami, mama yule akamwambia, "Simama hapa pakavu, ufunge vile vitasa vya mbele kabla hatujaingia kwenye utelezi."

"Nishuke na suti hii? Gia ninayo hapa mkononi, mama. Tulia."

Akavuta gia, taa ikawaka. "Umeona?" Akaingia mlimani.

Wanaoijua ile njia wanajua udongo wake. Ni mwekundu, na ukilowa ni kama umepakwa sabuni. Mwanzoni gari lilikwenda, na yeye akawa anaongea kwa furaha. Kwenye kona ya kwanza ya mlima likacheza nyuma kidogo. Kona ya pili likaenda upande. Ya tatu ikawa ndiyo mwisho wa maneno. Gari lilizama kwenye tope hadi karibu na vyuma vya chini. Akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa hasira, yakarusha udongo mpaka kwenye vioo, yakachimba shimo. Yale ya mbele yametulia kama wageni waalikwa. Akakanyaga tena, likazama zaidi. Na taa pale mbele yake inawaka vizuri kabisa!

Alingoja wapita njia wa kusukuma. Nani apite katika mvua ile? Hakupita mtu.

Mwisho akasema, "Mungu ameona nia yetu. Mvua ikikatika tutafute watu walitoe, turudi nyumbani. Tutakuja kesho."

Mkewe akageuka akamtazama. "Kesho ya nani?"

Mama yule akavua viatu, akapandisha kitenge, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Miguu yangu haijakwama."

Akaanza kupanda mlima peke yake, anashika majani ya kando ili asianguke. Bwana akabaki ndani, kwenye kiti kikavu, anamtazama mkewe akiteleza, akiinuka, akiteleza, akiinuka. Wapendwa, mwanamume anaweza kuvumilia mambo mengi, lakini hilo lilimshinda. Akafungua mlango. Mguu ukazama mpaka juu ya kifundo. Akapiga kelele, "Mama Tusekile! Rudi! Nafunga!"

Akaenda gurudumu la kushoto. Kitasa hakionekani, kimefunikwa. Kuchuchumaa hakukufaa, maana tope lilikuwa juu na yeye anateleza. Akapiga magoti. Akachimba kwa mikono, akafuta, akapapasa, akakipata, akakizungusha. Akaenda kulia, akapiga magoti tena. Mkewe akakata magome ya migomba iliyokuwa kando ya njia, wakayasukumiza chini ya magurudumu, mbele na nyuma. Nguvu ilipokwisha walipumzika kidogo, wakaendelea. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Hakukuwa na pumzi ya lawama.

Kisha akapanda, akaweka gia ya nguvu, na safari hii hakukanyaga mafuta kwa hasira. Taratibu. Gari likatetemeka. Magurudumu ya mbele yakashika, yakavuta, gari likatoka shimoni kama ng'ombe anayeinuka, sehemu moja kwanza, halafu nyingine. Mkewe akapiga kigelegele kimoja akaingia. Wakapanda mlima ule wote polepole, wakiteleza hapa na pale, lakini hawakusimama tena mpaka uani kwa mdogo mtu.

Walimkuta amelazwa sebuleni, karibu na moto. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Watu wa nyumbani wakasimama. Mgonjwa akamtazama kaka yake kutoka juu mpaka chini. Suti ile ya rangi ya maziwa ilikuwa nyekundu kutoka mapajani hadi chini, na kwenye magoti udongo ulikuwa umegandamana mnene.

Machozi yakamtoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, umepiga magoti njia nzima? Kwa ajili yangu?"

Hapo sasa, wapendwa. Hapo! Ilikuwa rahisi kiasi gani kunyamaza? Angeinamisha kichwa tu. Udongo ungesema badala yake. Wangekumbatiana, watu wangelia, uji ungeletwa, na yeye asingetamka neno hata moja gumu. Mimi na wewe tungefanya nini?

Yule bwana alimtazama mkewe. Kisha akasema, "Hapana, mdogo wangu. Haya niliyapiga kwa ajili ya gari."

Chumba kizima kikapoa.

Akasogea kando ya kitanda. Na pale, mbele ya shemeji yake, mbele ya watoto na majirani, kaka mkubwa akapiga magoti. Akasema, "Haya sasa ni yako. Nilikukana kwenye kaburi la mama. Nilikosa. Nilikukosea wewe, na mama, na Mungu aliyekuwa anasikia. Nisamehe, Anyosisye."

Mgonjwa alimwekea mkono kichwani, mkono usio na uzito. Kisha akasema, "Inuka, kaka. Utaharibu suti."

"Imeshaharibika."

Wakacheka, wote wawili, huku wanalia.

Mtaniuliza, je, alipona? Hapana. Hakumaliza juma lile. Lakini walipomzika, kaka yake alikuwa pale miongoni mwa wenye msiba, si mtu wa kusimama mbali na kuondoka mapema. Ile "kesho" aliyoitaka njiani ingemkuta ndugu yake bado hai, ni kweli, maana alibakiwa na siku chache. Lakini angerudi na suti safi, na moyo uleule.

Sasa sisi. Mimi siwahubirii habari za magari. Ninyi mnaoendesha, fungeni vitasa vyenu mkiwa bado pakavu, na hilo liishe hapo. Ninawauliza jambo jingine. Hatujui sisi kuvuta gia tumekaa kwenye kiti? Tunaimba, taa inawaka. Tunasema "nimemsamehe moyoni", taa inawaka. Tunaomba toba kwa Mungu asiyeonekana, maana huyo hatuaibishi mbele ya majirani. Na yule tuliyemkosea anaonekana, ana jina, ana nyumba, na njia ya kwake tunaijua hata gizani. Msamaha haufungwi kutoka ndani ya gari. Utashuka. Utachafuka. Utayatamka maneno yenyewe, kwa mdomo wako, mbele yake.

Usingoje mvua ikatike. Usingoje simu ya mke wake.

Leo tukimaliza, sitasimama mlangoni kupeana nanyi mikono. Mkono uliotaka kunipa mimi, kuna mtu anaungoja. Mpelekee huyo. Nendeni.