Baragumu Lililoitwa Hila

Ndugu zangu, acheni kwanza kuangalia saa, mnisikilize. Huko kwenye mlima mmoja wenye barafu kileleni aliishi mkulima wa migomba na kahawa ambaye alikuwa hatulii. Akikaa, anainuka, akiinuka, anakwenda kuchungulia mfereji. Na msimcheke, alikuwa na sababu. Mfereji mmoja ulinywesha mashamba tisa, kila shamba na siku yake ya zamu, na siku yake ilipofika maji yaliyomfikia hayakujaza hata ndoo mbili. Kahawa yake ilikuwa imeanza kupukutisha majani.

Zamani haikuwa hivyo. Barafu ilipoanza kuyeyuka kwa wingi, maji yaliongezeka, na watu wale wakafanya nini? Wakafurahi. Wakafyeka mashamba mapya, wakaongeza migomba, wakasema Mungu amewakumbuka. Nani huuliza habari za ghala wakati sahani imejaa? Barafu ikaendelea kurudi nyuma kama nywele za mzee, mpaka na maji nayo yakaanza kukatika. Sasa niambieni, mtu akikosa maji mferejini humtazama nani? Humtazama jirani wa juu.

Jirani wa juu kabisa alikuwa mjane mmoja, na yeye ndiye aliyetunza baragumu. Hiyo ilikuwa desturi yao tangu mababu: hatari ikionekana huko juu, mwenye banio la kwanza, yaani mlango wa kwanza wa kufungulia maji ya mfereji, hupuliza, na wote wa chini huacha majembe wakapanda kwenye mwinuko. Mwaka ule mjane alipuliza mara mbili. Mara zote mbili mafuriko hayakuja, na mkulima wetu aliporudi shambani alikuta siku ya zamu imekwisha na mfereji mkavu. Akaunganisha hili na lile, akapata jibu.

"Yule mama ni mjanja," aliwaambia wenzake. "Anatukimbiza mabanioni ili abaki na maji peke yake."

Wengi wakaafiki upesi. Mtu mwenye kiu hahitaji ushahidi mwingi, anahitaji mtu wa kumlaumu tu.

Alhamisi, siku ya zamu yake, mkulima akachukua panga na kumweka mke wake kwenye banio la shamba lao.

"Keti hapa, Mama Kundaeli. Mimi napanda kwenda kumshika mwizi wetu."

"Na baragumu likilia, Baba Kundaeli?"

"Likilia ndiyo ujue anaiba. Lilie mpaka lipasuke, wewe usibanduke."

"Haya, mume wangu. Sibanduki."

Akapanda mlima huku hasira ikimsukuma mgongoni. Kufika kwa mjane, alitazama kulia, akatazama kushoto, panga likamwia zito mkononi. Mahindi ya mama yule yalikuwa yamekauka kuliko kahawa yake mwenyewe. Banio lake lilikuwa vumbi tupu. Aibu ilimshika, lakini wasiwasi ukamzidi.

"Sasa mama, maji yako wapi?"

"Twende nikuonyeshe, baba. Nimewaita mara mbili, mkanipa jina la mwizi."

Wakapanda tena mpaka nyuma ya mwamba. Pale ambapo barafu ilikuwa imelala miaka yote palikuwa na ziwa. Maji yote yaliyoyeyuka yalikuwa yamekwama nyuma ya tuta la mawe na udongo, na tuta lenyewe lilikuwa linavuja kwa chini. Mjane alikuwa hajamaliza kueleza jinsi lilivyotaka kupasuka mara mbili, pande la barafu likameguka, likaanguka ziwani. Tuta likalegea mbele ya macho yao.

Mjane akainua baragumu. Mkulima akampokonya, akapuliza yeye mwenyewe kwa pumzi yake yote. Akapuliza tena. Kisha akakumbuka maneno aliyoyaacha kule chini. Afanye nini? Akinyamaza, mkewe hatajua. Akipuliza, mkewe atakaa. Kadiri alivyopuliza, ndivyo Mama Kundaeli alivyozidi kujikaza pale pale alipowekwa.

Tuta likapasuka, maji yakamzoa pale banioni. Maiti yake waliipata siku ya tatu, mbali sana bondeni. Waliokimbia walisema walimwita wakati wanapita, naye akawajibu kwa upole: "Mume wangu amesema ni hila."

Ndugu zangu, barafu ile haikuyeyushwa na mjane. Lakini neno la mjane, nani aliliua? Na sisi je? Maji yanapungua, na sisi tunavizia mabanio ya majirani. Wakija wapima mto, tunasema wanataka ardhi yetu. Tukiambiwa tuhame bondeni, tunasema kuna tajiri amekwisha kununua. Ni rahisi kusema hivyo, maana mdomo ni wetu. Ila yupo mtu nyumbani kwako anayekuamini wewe kuliko baragumu, na hatabanduka mpaka umwambie.

Wewe uliyejenga pale ukingoni mwa mto, nakuona, usiiname. Umemwacha nani nyumbani leo? Inuka uende ukamtoe sasa hivi. Wimbo wa mwisho tutauimba ukisharudi naye.