Kiti Kimoja Nyuma ya Rubani

Sogeeni. Anayetafuna muwa ateme, anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Nina kisa kisicho na mwisho. Mwisho nimewaachia ninyi, kwa sababu mimi mwenyewe sina.

Palikuwa na watu watatu huko Njombe, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Wa kwanza, Mgaya, alijua kungoja. Alipanda misonobari akaitazama ikikua kama wengine wanavyotazama mpira. Wa pili, Yuditha, dada yake Mgaya, alijua kuchungulia. Huyo hanunui kuku bila kumpindua na kumpulizia manyoya, na harusini hukaa pale anapoziona sufuria. Wa tatu, kijana Ezron, alijua vitabu. Mpe andazi kwenye karatasi, ataisoma karatasi kwanza, andazi lipoe.

Na palikuwa na binti, Lusungu. Baba yake alifariki mapema, akalelewa na Mgaya, baba yake mdogo. Akasoma mpaka akamaliza chuo na shahada yake ya fizikia. Ukoo mzima ukakaa kungoja kusikia atafundisha shule gani.

"Nataka kuwa rubani," akasema.

"Rubani wa nini?" Yuditha akauliza.

"Wa ndege, shangazi."

"Mh. Baiskeli tu ilikutupa mferejini."

Ilimtupa kweli, sisemi uongo. Lakini binti hakurudi nyuma. Alikwenda benki kuomba mkopo, wakamwuliza ana dhamana gani. Akatoa shahada. Benki ikacheka kwa adabu, ikamfungulia mlango wa kutokea. Kujifunza kurusha ndege ni ghali, jamani. Kule hata upepo unalipiwa.

Sasa sikieni alichofanya Mgaya. Alikuwa na kilima kizima cha misonobari aliyoipanda kwa ajili ya uzee wake, maana kule miti ndiyo pensheni. Msonobari hautaki haraka. Ile yake ilikuwa nusu ya umri. Ukiikata unapata mirunda ya kujengea, mbao hupati, na bei ni ya kutupa. Mnunuzi alipokuja na msumeno alimwonea huruma. "Mzee, ungengoja kidogo." Mgaya akamjibu, "Nimengoja maisha yangu yote. Washa hiyo mashine." Mpaka jua linazama, kilima kilikuwa kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Bila Mgaya pangekuwa na nia tu, na nia hailipi karo.

Sikieni alichofanya Yuditha. Chuo cha kwanza alichokipata Lusungu kilikuwa na picha tamu kwenye simu. Kilitaka karo yote kwa mkupuo, tena upesi, eti nafasi zinakwisha. Mgaya alishaanza kufunga safari ya kwenda kulipa. Yuditha akamtangulia. Alipanda basi bila kuaga mtu, akafika kwenye uzio wa kile chuo, akatandika khanga yake, akala viazi vyake baridi akitazama ndani. Alikaa mpaka mlinzi akamzoea.

"Mama, unamngoja nani?"

"Nangoja ndege iruke."

"Leo haziruki."

"Na jana?"

Mlinzi akatazama viatu vyake. Yuditha akabandika jicho kwenye waya: magurudumu ya zile ndege yalikuwa yameotewa majani, na majani yalikuwa yamechanua maua. Akarudi nyumbani na vumbi lake. "Wale hawarushi kitu. Wanazifuga kama bata." Ndipo kikatafutwa chuo kingine, ambacho ndege zake zilikuwa zikipiga kelele mchana kutwa, na karo ililipwa kwa hatua: umalize leseni ndogo ndipo ulipie inayofuata. Bila Yuditha, kilima kizima kingeliwa na watu wa picha.

Na sikieni alichofanya Ezron. Huyu alisoma chuo kikuu kimoja na Lusungu, na hamu ya kuruka ilikuwa yake kwanza. Yeye ndiye aliyemwambukiza. Walikwenda pamoja kupimwa afya ya urubani. Daktari akawafunulia kurasa za vidoa vya rangi, kila mmoja ataje namba iliyojificha humo. Lusungu akazitaja. Ezron akaona vidoa. Kwake yeye nyekundu na kijani ni mapacha. Kumbe ndiyo maana utotoni alikuwa akichuma nyanya mbichi, mama yake akamchapa bure! Basi asiyetofautisha taa nyekundu na ya kijani hapewi ndege.

Alijifungia ndani, akatazama ukuta. Ukuta ulipomchosha akatoka, akaokota vipande vilivyobaki kule kilimani kwa Mgaya, akajenga chumba cha rubani. Kiti cha mbao, usukani wa mbao, swichi za vifuniko vya soda. Kila Lusungu alipokuwa nyumbani, alimkalisha humo.

"Injini imezimika. Unafanya nini?"

"Napiga kelele."

"Umekufa. Anza tena."

Mwenyewe akajifanya mnara wa kuongozea ndege, akiongea Kiingereza cha puani, mbuzi wakisikiliza. Wenzake Lusungu walirudia mitihani, na kila kurudia ni kulipa upya. Yeye alipita yote. Bila Ezron, fedha zingekatikia njiani na binti angerudi na nusu ya urubani. Nusu ya urubani unaipeleka wapi?

Msidhani Lusungu alikaa tu akisukumwa kama toroli. Kati ya leseni na leseni alifanya kazi kiwanda cha chai, akachangia hatua iliyofuata. Lakini yeye hayumo kwenye ugomvi huu. Kiti chake anacho, kile cha mbele.

Ugomvi ni wa kiti cha nyuma. Kampuni yenye ndege ndogo imemwajiri awe rubani msaidizi, na kwa safari yake ya kwanza imempa tiketi ya mtu wake. Mtu, siyo watu. Usiniambie atanunua nyingine: viti vilivyobaki vimeuzwa vyote, na ndege haina pa kusimama. Na safari ya kwanza hairudiwi. Katika wale watatu hakuna aliyewahi kupanda ndege.

Akawaita jikoni kwa Mgaya, kwenye moto, akawaeleza.

"Kilima changu kimo ndani ya ile ndege," Mgaya akasema. "Nataka nikione kikiwa juu."

"Kilima chako kingeota majani," Yuditha akamkata. "Mimi nilikaa vumbini kama kuku. Nataka nione kwa macho yangu kama inaruka."

"Ungechungulia nini, dada, kama hapakuwa na fedha ya kuibiwa?"

Ezron akakohoa. "Samahani, shangazi. Samahani, mzee. Fedha haikuingia kwenye chumba cha mtihani. Wala khanga." Kisha akashusha sauti. "Lakini aende mmoja wenu. Mimi chini nimeshapazoea."

"Usituletee unyonge hapa!" Yuditha akamgeukia. "Unataka au hutaki?"

Ezron akauchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

"Nataka," akasema. "Nataka mpaka chakula hakipiti."

Hakuna aliyemcheka, hata Yuditha. Lusungu ameshika simu. Kampuni inataka jina kabla ofisi haijafungwa leo. Mlangoni kinaonekana kile kilima, na miche mipya ya Mgaya imeshafika magotini.

Haya, wasikilizaji wangu. Kabla hamjafungua midomo: ukisema Mgaya kwa sababu ni mzee, umelipa umri, hujalipa kazi. Ukisema Ezron kwa sababu unamhurumia, huruma haijawahi kuwa tiketi. Ukisema Yuditha, mhurumie atakayekaa jirani yake. Na atakayesema wapige kura, aondoke hapa kwangu sasa hivi.

Jina halijaandikwa. Simu ungeishika wewe, ungemkalisha nani?