Mama Hasukumwi

Kaeni, wapendwa. Kwaya, asanteni, mmeimba vizuri, sasa kaeni. Nina mfano leo, na nawaambia mapema kwamba nimechoka.

Chukulieni kijana mmoja ambaye mama yake alipooza upande mmoja. Kila asubuhi mama alikuwa wa kuinuliwa kitandani na kuwekwa kwenye kiti. Aliyekuwa akimwinua ni dada mtu, naye alikuwa anakaribia kuolewa na kuondoka. Kijana akaona mzigo unamjia, akamwendea mwalimu wa mazoezi. Mwalimu akamsikiliza, akampangia mazoezi ya kufanya peke yake nyumbani.

"Sikiliza, kaka," akamwambia. "Kila ukisukuma, lazima uvute. Ukimaliza pushapu, inama, vuta dumu la maji mpaka mbavuni. Halafu chuchumaa, inuka. Usiruke hata moja, nimeyapanga yabebane."

"Nimekuelewa, mwalimu."

Ameelewa nini? Kijana alifika nyumbani akasimama mbele ya kabati la kioo. Pushapu akazipenda kwelikweli, maana kifua alikiona kinapanda. Mgongo nani anauona? Na mapaja, yamo ndani ya suruali, nani atayasifia? Dumu likabaki jikoni na maji yake. Akanunua fulana za kubana, mtaani wakaanza kumwita baunsa. Mwalimu akipiga simu kuuliza, anajibiwa, "Yanakwenda, mwalimu, ungeniona." Mtu anamdanganya anayetaka kumsaidia, na anajiona mjanja.

Harusi ikapita, dada akaenda kwake. Asubuhi yake baunsa wetu akainama, akapitisha mikono chini ya mama, akavuta. Mgongo ukakatika, kwa jinsi alivyosikia yeye. Wakaanguka wote wawili kwenye saruji.

Akiwa pale pale chini akampigia mwalimu, tena kwa ukali. "Mazoezi yako hayafanyi kazi."

"Yapi? Dumu ulilivuta?"

Kijana akatupa jicho mlango wa jikoni.

"Kaka, mama hasukumwi. Mama anainuliwa."

Na mama, ubavuni kwake, akasema taratibu, "Mwanangu, weka simu, uite majirani. Sakafu ni baridi."

Naona mnacheka. Mnamcheka nani? Sisi nasi tulipangiwa mazoezi yote, ya mbele za watu na ya chumbani, yabebane. Tukachagua ya kwenye kioo. Mikono juu ibadani, tunaweza. Sauti za kukemea, tunazo, mpaka majirani wamelalamika. Lakini kumsamehe wifi yako hakuna anayekupigia makofi, basi dumu liko jikoni. Kukaa na mgonjwa anayenuka, dumu liko jikoni. Siku mzigo ukifika tunaanguka nao, kisha tunamnung'unikia Mungu kwamba imani haifanyi kazi. Imani ipi? Ile ya kifua?

Jumapili iliyopita nilitangaza hapa hapa kwamba yule bibi anayekaa nyuma ya kanisa hawezi tena kujigeuza kitandani. Mkaitikia "Amina" mpaka bati likatikisika. Nikaenda nikamkuta, tukamgeuza mimi na mke wangu, wawili, na kanisa zima hili lipo. Kuta zikaniuliza wenzako wako wapi.

Leo tunakwenda tena, ibada ikiisha. Msiniitikie amina, tafadhali. Nataka migongo. Nani anakuja?