Sikudhani na Kibuyu cha Sauti

Paukwa!

Pakawa.

Nani huyo ameitika kama anayetafuna muhogo mbichi? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Hapo kale, enzi mbuzi bado wanapiga hodi kabla ya kula mahindi ya watu, palikuwa na mji uitwao Mtambani. Mji ule ulikuwa na ngoma kuu moja, pana kama kitanda, na kila jioni ilipigwa. Wazee walisema, "Ngoma hii ndiyo boma letu." Ukiwauliza kwa nini, wanakohoa. Walishasahau.

Aliyeiwamba ngoma hiyo alikuwa Sikudhani, mjane mwenye mikono migumu na ulimi usio na mlango. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mashavu, wa miaka saba, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake.

Mji ulikuwa na Jumbe, Jumbe Mfaume. Naye alikuwa na ugonjwa mmoja: hapendi kuambiwa. Ukimwambia kisima kimekauka, anakuna kisogo. Ukimwambia ghala linavuja, anapiga miayo. Ukimwambia daraja limekatika, anasema, "Jamani, hamchoki kusema?"

Basi Mtambani walikuwa na desturi yao. Kabla ya mavuno, watu wote hupakwa mafuta masikioni, ili wasikie dua ya mavuno vizuri. Na mpakaji lazima awe mgeni, maana mgeni ni baraka. Hata awe mgeni wa namna gani, alimradi ni mgeni! Ndiyo akili yao hiyo, msinitazame mimi.

Mwaka ule Jumbe akaja na mgeni wake. Mrefu kama mnazi, kanzu inaburura, na kichwani kilemba kikubwa kama kichuguu.

Sikudhani akamnong'oneza jirani yake, mhunzi, fundi Mbaruku. "Shemeji, kile kilemba au kuna mtu mwingine juu yake?"

"Usimcheke mgeni, mama Mashavu. Ni baraka."

"Baraka hii mbona inadondosha mate?"

"Njaa ya safari," akasema fundi Mbaruku, akatega sikio lake apakwe.

Wakapanga mstari. Mgeni akapaka wa kwanza, akapaka wa pili, akapaka mji mzima. Lakini hayakuwa mafuta. Ilikuwa nta ya nyuki wa kuzimu, na ilipoingia sikioni ikaganda kama jiwe. Mara mji ukawa kimya. Kuku anafungua mdomo, kimya. Mchi unapiga kinu, kimya. Sikudhani akamwona Mashavu anamwita, mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama, kimya.

Hapo mgeni akafungua kilemba. Lo! Masikio mawili kama nyungo mbili za kupepetea, yana nywele, yanapepea. Zimwi!

Zimwi akainua kibuyu. Akaonyesha midomo ya watu, akajifanya anazichuma sauti hewani kama mtu anayechuma zambarau, akazitia kibuyuni, akakikomea kwa gunzi. Kila mtu akaelewa: sauti zetu zimeibwa, zimo mle. Kisha akaonyesha kimo cha mtoto. Akaonyesha vidole vitatu: siku tatu. Akapapasa tumbo lake. Mtoto mmoja, ndipo kibuyu kifunguliwe.

Mji mzima ukamtazama Jumbe. Na Jumbe, bila hata kuuma mdomo, akamnyooshea kidole Mashavu.

Kwa nini Mashavu? Mtoto wa mjane! Hana baba, hana mjomba wa kugonga meza. Jumbe ana watoto kumi na wanne, wanene, lakini kidole chake hakikupotea njia.

Sikudhani akamrukia. Watu sita wa Jumbe wakamshika. Mashavu akachukuliwa, akafungiwa ghalani kwa Jumbe, analia, na kilio chake hakikumfikia mama.

Sikudhani akarudi nyumbani na hasira zake. Akapiga ukelele. Na alipopiga ukelele, akajisikia! Sauti yake inavuma kichwani mwake, kama mtu aliyetumbukia mtungini.

Akafikiri. "Kama sauti yangu imo kibuyuni, hii iliyomo kichwani mwangu ya nani?"

Siku ya pili akakaa mbele ya ngoma kuu. Ngozi yake ilikuwa mpya, bado hajamaliza kuikaza, ndiyo maana siku zile ngoma haikupigwa. Na Sikudhani alikuwa na kawaida ya kazi: akitaka kujua ngozi imekazika sawasawa, humwaga punje za mtama juu yake, kisha hupiga. Mkono ukazoea, ukamwaga mtama. Mkono ukazoea, ukapiga.

Kimya. Lakini mtama ukaruka!

Akapiga polepole, mtama ukacheza. Akapiga kwa nguvu, mtama ukaruka mpaka puani.

"Ala! Kama sauti imeibwa, nani anaurusha mtama?"

Akaona sasa, kwa macho, kitu alichokifanya kwa mikono miaka ishirini. Ngozi inatikisika. Ikitikisika inausukuma upepo ulio karibu nayo, na upepo ule unasukuma mwenziwe, na mwenziwe anasukuma mwenziwe, kama watu kwenye mstari wa ubwabwa wa harusi, mpaka msukumo unafika mlangoni pa sikio. Huo msukumo ndio sauti. Haichumwi kama zambarau. Haiingii kibuyuni ikakaa kama togwa.

Akauma fimbo ya ngoma kwa meno, ncha ya pili akaigusisha kwenye ngozi, akapiga kwa mkono. DU! Ikapita mtini, ikapita menoni, ikapita mfupa wa taya, ikaingia sikioni kwa mlango wa nyuma. Akasikia!

"Sauti haikuibwa!" akapayuka. "Tumezibwa! Tumezibwa, na tulipanga mstari!"

Akachukua mchi mrefu, akakimbia kwa fundi Mbaruku, akamchomekea ncha mdomoni. Yeye akauma ncha ya pili. Ungewaona ungesema mbwa wawili wanagombea mfupa.

"Hemeji!" akasema Sikudhani, maana mtu aliyeuma mchi hatamki vizuri. "Wahikia?"

Macho yakamtoka fundi. "Nahikia! Mama Mahavu, hauti yako imetoka kibuyuni?"

"Haikuingia, we bwege! Ni nta! Ndani ya hikio mna kingozi chembamba, kama ngoma ndogo. Upepo ukitikihika nacho hutikihika, ndipo tukahikia. Tumezibwa njia tu."

"Na Jumbe? Naye kazibwa?"

Sikudhani akaachia mchi. Swali lile lilimchoma. Hakukumbuka kumwona Jumbe kwenye mstari.

Basi siku ya tatu asubuhi, Jumbe alikuwa barazani kwake anakula halua, ameupa uwanja mgongo. Fundi Mbaruku akanyata nyuma yake na sinia la shaba, akalitupa sakafuni kwa nguvu zote. Watu waliokuwa uwanjani hawakugeuka, maana hawakusikia kitu. Jumbe akaruka hadi halua ikanata paani.

Anasikia! Siku zote tatu anasikia!

Sikudhani akamkamata shingo, akamchomekea mchi mdomoni, naye akauma ncha yake.

"Hema kweli yote!"

"Nihamehe! Limwi liliniahidi kimya. Nilichoka na maneno yenu, kihima, ghala, daraja! Likaniambia, watu wahiohikia hawatapiga ngoma. Na ngoma ndiyo iliyokuwa inalifukuza, mahikio yake hayaihtahimili."

Kumbe ndiyo boma! Masikio mapana kama nyungo hukusanya sauti nyingi mno. Ngoma iliyo tamu kwetu, kwa Zimwi ni nyundo.

Sikudhani alijaa hasira hata machozi yakakauka. Alimwacha Jumbe chini kama gunia. Hakuwa na muda naye, jua lilikuwa linapanda na Zimwi linakuja kula.

Wakaibingirisha ngoma uwanjani. Sikudhani akabandika sikio lake kwenye ubavu wa ngoma, fundi akapiga. Du! Mti ukatikisika, kichwa kikatikisika, nta ikatikisika. Du! Nta ikapata ufa. Du! Ikachomoka, tap, ikaanguka mchangani kama punje ya mbaazi. Akasikia kuku. Akasikia upepo. Akasikia, kutoka ghalani kwa Jumbe, "Mamaaa!"

"Nakuja, mwanangu! Leteni masikio!" akawavuta watu kwa kanga, kwa kanzu, kwa ndevu. "Acha kuchokonoa na njiti, wewe, utatoboa ngoma uliyopewa na Mungu! Bandika hapa!"

Akabandika mmoja, wakabandika wawili, ukabandika mji mzima. Tap, tap, tap, nta zikaanguka kama mvua ya mawe.

Hapo Zimwi likatokea, leso ya kulia chakula imefungwa shingoni.

"Yuko wapi mtoto wangu?" likanguruma.

"Wako?" akasema Sikudhani. "Ulimnyonyesha lini?"

Zimwi likashtuka. "Unanisikia?"

"Nakusikia. Wewe je, unanisikia?" Akainua fimbo mbili.

DU! Mtama ukaruka. DU! Vumbi likaruka. DU! Masikio ya Zimwi yakapepesuka kama matanga yaliyokatika kamba.

"Basi! Basi! Basi!" likalia, likayakunja masikio mara moja, likayakunja mara mbili, likayafunga na leso yake ya chakula. Wapi! Sauti ikapita ardhini, ikapanda miguuni, ikapita mifupani. Likakimbia, kibuyu kikaliponyoka, kikapasuka jiweni. Ndani yake mlikuwa na nini? Mbegu tatu na buibui mmoja aliyeudhika kuamshwa. Zimwi halijaonekana tena.

Mlango wa ghala ukavunjwa. Mashavu akatoka, sauti imekauka kwa kulia siku tatu. Mama yake akampakata, akamlaza kifuani, akamsikiliza anavyopumua.

Watu wakataka kumpiga Jumbe. Mashavu akateremka mikononi mwa mama yake, akaenda kusimama mbele yake.

"Jumbe, ghala langu lilipakana na chumba chako."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulinisikia nilipolia?"

Uwanja ukawa kimya, na kimya hicho hakikuwa cha nta.

"Nilisikia," akasema Jumbe, kichwa chini.

"Mji mzima walizibwa masikio, na wangesikia wangekuja. Wewe hukuzibwa." Mtoto akageukia watu. "Basi hapa kiziwi ni mmoja tu."

Jumbe akavuliwa kilemba siku ile ile. Akapewa kazi moja, na hadi alipokufa aliifanya: kukaa barazani kila siku, kila mwenye neno aje aliseme, naye asiondoke mpaka alirudie lote, neno kwa neno. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Mashavu. Alichukua siku tatu.

Hadithi yangu imeishia hapo, nayo mkiibeba ibebeni kwa masikio yote mawili. Sikio lililozibwa hufunguka. Lakini anayesikia kilio cha mwenzake akajifanya hakusikia, huyo hakuna ngoma ya kumzibua.